Uhura alizungumza Kiswahili 1967, runinga zetu zangoja nini?

Ukitaka kujua vijana wa Tassia wanapenda kutazama nini, usiwaulize wenye vituo vya runinga. Ingia kwenye duka la muvi jioni, wakati watu wanarudi kutoka kazini. Utakuta kompyuta moja, spika mbili, orodha ndefu iliyobandikwa ukutani na wateja walioshika flashi mkononi. Wapo wanaotaka mapenzi ya Kikorea, wapo wa ngumi na bunduki. Na kuna kundi ambalo halikosekani: wale wa vyombo vya angani, roboti, na watu wanaosafiri kwenda kesho na kurudi jana. Hawa hawasemi "niwekee kitu kizuri". Wanakuja wakijua msimu na kipindi walichoachia.

Nyumbani huambiwa wanapoteza wakati. "Utakula hizo roboti?" ndilo swali la kawaida katika keja nyingi. Wenye vituo vya runinga nao hawawaoni kabisa. Safu hii inawaona, na ina neno la kusema kwa niaba yao: mapenzi ya vijana hawa kwa bunilizi za sayansi ni mtaji, na mtaji huo unamwagika kwa sababu hakuna anayeuhesabu.

Tuanze na deni la zamani. Tarehe 8 Septemba 1966, runinga ya NBC kule Marekani ilirusha kipindi cha kwanza cha Star Trek. Katika kipindi hicho hicho, kiumbe kutoka sayari nyingine kilijigeuza mwanamume Mwafrika na kumsemesha afisa wa mawasiliano kwa Kiswahili. Afisa huyo aliitwa Uhura, jina lililotolewa kwenye neno letu uhuru. Mwaka uliofuata, katika kipindi cha Septemba 1967, Uhura alifutwa kumbukumbu na mashine, ikabidi afundishwe upya kusoma na kuongea. Akikwama kwenye Kiingereza, kilichomtoka mdomoni kilikuwa Kiswahili. Kenya wakati huo ilikuwa haijatimiza hata miaka minne ya uhuru.

Aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi aliyefariki Julai 2022. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyotaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, akazuiwa na shabiki mmoja aliyemweleza kwamba kuonekana kwake kwenye chombo kile kulikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani. Shabiki huyo alikuwa Martin Luther King. Na katika Star Trek: Strange New Worlds iliyoanza 2022, Uhura akiwa bado binti mdogo kazini, tunaelezwa wazi kwamba kwao ni Kenya.

Haya, songa mbele hadi 2015. Netflix inatoa Sense8, hadithi ya watu wanane katika miji tofauti duniani ambao akili zao zimeunganishwa. Mmoja wao ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, anayehangaika kumtafutia mama yake dawa. Matatu yake imechorwa Jean-Claude Van Damme ubavuni. Nani wa Eastlands asingeipenda? Waigizaji wa Kenya walipata kazi, na barabara zetu zikaonekana duniani kote. Lakini sikiliza vizuri: matatu inajaa, watu wanasukumana, na karibu kila mtu anaongea Kiingereza. Wewe uliyepanda matatu ya Outering Road asubuhi unajua hiyo ndiyo sehemu ya kubuni kuliko zote, hata kuliko akili nane zilizounganishwa.

Kisha Julai 2023 ikaja Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu kumi fupi za katuni kuhusu Afrika ya kesho. Watayarishaji wake walitoka Kenya, Uganda, Nigeria, Zimbabwe, Misri na Afrika Kusini. Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza moja inayoitwa Enkai. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, ila mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Na ilitolewa kupitia Disney+, huduma ambayo wakati huo ilikuwa haijafunguliwa Kenya. Yaani kitu chenye jina letu, ambacho mmoja wetu alikitengeneza, kilikuwa halali kutazamwa na mtoto wa London lakini mtoto wa Tassia hakuwa na mlango wa kupitia.

Mwaona mtindo ulivyo? Wanachukua jina, wanachukua rangi ya matatu, wanachukua neno moja tamu la kuweka kwenye bango. Ulimi wanatuachia.

Ni rahisi kuwalaumu watu wa Hollywood na kwenda kulala. Lakini tujiulize swali la biashara. Anayetengeneza tamthilia huangalia kwanza idadi ya watazamaji. Kijana wa Tassia aliyenunua msimu mzima kwa mbao au finje, akautazama kwenye simu mara mbili, kisha akampa jirani wa ghorofa ya tatu, hayuko kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kwenye vitabu vyao, Tassia nzima, na Pipeline, na Fedha, ni sufuri. Sufuri haitengenezewi kitu.

Hatutaficha pia upande wa pili. Nakala ya flashi haimpi msanii hata shilingi. Mchoraji aliyekesha akichora Enkai hakupata chochote kutoka kwa mauzo ya mtaani. Lakini kumhubiria kijana kuhusu hakimiliki wakati mlango wenyewe umefungwa ni kumchapa mtoto kwa kukosa kula chakula ambacho hakikupikwa. Fungueni mlango kwanza, tena kwa bei ya mtu wa mtaa. Netflix iliwahi kujaribu: Septemba 2021 ilifungua mpango wa bure Kenya kwa wenye simu za Android. Ikaufunga Novemba 2023, na wengi wakarudi kwa duka la muvi walikotoka.

Kuna watakaosema lugha ndiyo shida, kwamba hadithi za sayansi haziwezi kusemwa kwa Kiswahili, eti maneno hayatoshi. Hilo halisimami. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaifuatilia kwelikweli. Azam nao wameweka Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, masultani wakatoa amri kwa lugha yetu bila kigugumizi. Kama mama mkwe wa Beijing anaweza kugomba kwa Kiswahili, nahodha wa chombo cha angani atashindwaje kutoa amri ya kuondoka?

Na hapa kwetu, nani hamjui DJ Afro? Amejenga jina lake kwa kutafsiri na kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ambayo mtu wa kibanda anaielewa. Kuna watu hawakumbuki sauti ya mwigizaji mwenyewe, wanaikumbuka yake. Soko la lugha lipo, tena limekuwepo kabla ya wenye suti kuligundua.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hii si hoja ya burudani peke yake.

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya kisayansi, Pumzi, ambayo ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance 2010. Inatupeleka kwenye Afrika ya Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, maji yanagawiwa kwa kipimo, hata jasho na mkojo husafishwa yakanywewa tena. Mwanamke mmoja anapata udongo ambao unaweza kuotesha mbegu, na anathubutu kutoka nje kutafuta mahali pa kuipanda.

Mzungu wa Los Angeles akiitazama hiyo anasema ni ndoto ya kutisha. Mkaaji wa Tassia anaiona kama Jumatano. Ghorofa zimebanana hadi unaweza kumpokeza jirani chumvi kupitia dirishani. Mfereji unakauka, mitungi ya lita 20 inapangwa foleni kwenye ngazi, na bei ya mtungi inapanda kadiri siku zinavyopita. Ndege za JKIA zinapita juu ya kichwa zikiwa na watu wanaokwenda mbali. Hiyo siku za usoni ambayo wengine wanaibuni wakiwa kwenye viti vya ngozi, sisi tunaishi ndani yake tayari. Ni nani basi aliye na haki zaidi ya kuisimulia?

Hapo ndipo kuna hatari. Jamii isiyojitungia hadithi za kesho hupangiwa kesho na wengine. Mtoto wa Embakasi akitazama vipindi mia moja vya siku zijazo na asimwone mtu anayeongea kama mamake, hakuna haja ya kumwambia kwamba hatakuwepo huko. Atajijazia mwenyewe.

Wale wa "utakula hizo roboti" tunawaheshimu, kwa sababu kodi ya nyumba ni kitu cha kweli. Lakini waulizeni kuhusu Mae Jemison. Alikuwa msichana aliyependa Star Trek na kumtazama Uhura. Mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika anga za juu. Nichols mwenyewe alikuwa amefanya kazi na NASA tangu 1977 kuwavuta wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Ushabiki ulizaa ajira, tena ya kisayansi.

Na kama mnadhani anga ni mambo ya mbali, tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, pwani ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Aprili 2023 Kenya ikapeleka Taifa-1 angani kwa roketi iliyoondokea California. Tuna historia ya kweli ya angani yenye majina ya Kiswahili. Ni vijana wangapi wa shule za Eastlands wameisikia? Tamthilia moja nzuri ingeifikisha kwa wiki moja pale ambapo kitabu cha kiada hakijafika.

Basi tufanyeje? Mashabiki wenzetu kwingineko wametuonyesha njia. Majira ya baridi ya 1967 kuelekea 1968, iliposemekana Star Trek itaondolewa, watazamaji walimiminia NBC barua kwa maelfu hadi Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba tamthilia itarudi. Juni 2017 Netflix ilipoikata Sense8, mashabiki wa nchi nyingi walipiga kelele bila kuchoka, na mwezi huo huo ukiwa haujaisha, wakaahidiwa kipindi cha mwisho cha kumalizia hadithi. Kilitoka Juni 2018. Hawa hawakuwa matajiri. Walijitokeza tu wakahesabika.

Vijana wa Tassia nao wajitokeze. Badala ya kila mtu kutazama peke yake chini ya blanketi, undeni chama cha mashabiki, hata cha watu kumi. Ombeni ukumbi wa kanisa au darasa Jumamosi, mtazame filamu ya Kenya kwa ruhusa ya aliyeitengeneza, hata mkichanga mbao mbao mumpe. Andikeni kwa vituo vya runinga, mkitaja mtaa wenu na idadi yenu: sisi ni arobaini, tunataka bunilizi ya sayansi kwa Kiswahili, saa moja kila wiki. Barua moja itatupwa. Arobaini kutoka Tassia, hamsini kutoka Umoja na sitini kutoka Kayole zitasomwa na mtu wa matangazo ya biashara, na huyo ndiye hufungua mfuko.

Kwa wenye vituo: mnajua Mamlaka ya Mawasiliano inawataka muonyeshe vipindi vya humu nchini, na mmejibu kwa vichekesho na ndoa zinazovunjika. Vizuri, watu wanacheka na kulia. Jaribuni hadithi fupi za dakika kumi kuhusu Nairobi ya 2060. Hazihitaji roketi ya mabilioni. Zinahitaji ghorofa, mtungi wa maji, na mwandishi aliyewahi kupanda ngazi hizo na mtungi begani.

Na kwa kampuni za kigeni zinazopenda majina yetu: mkitumia neno la Kiswahili kwenye bango, wekeni basi chaguo la Kiswahili kwenye sauti, au angalau maandishi chini ya picha. Lugha yenyewe mlishaisikia kwenye chombo cha angani 1966.

Aliyeandika jina la Uhura hakumwuliza mtu wa Tassia. Yule atakayeandika jina linalofuata anaweza kuwa anakaa huko sasa hivi, ghorofa ya tano, bando limekwisha, hadithi iko kichwani. Anahitaji watu wa kumwambia kwamba wataitazama. Kama wewe ni mmoja wao, sema leo, na useme kwa sauti.