Kishikio cha Sufuria ni cha Nani?

Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha hujiandaa kwa bidii kufundisha hesabu na kusoma; lakini apangiwapo kipindi cha kazi za mikono, mara nyingi hukiona kuwa ni kipindi cha kupumzikia. Huwaagiza watoto walete vitambaa na nyuzi kutoka kwao, huwaacha washone wapendavyo, na mwisho wa muhula huvichagua vilivyo vizuri na kuvitundika ukutani siku ya wazazi. Nami nilikuwa mmoja wa walimu hao. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini naiona njia hiyo kuwa mbovu, na kwa nini ubaya wake mkubwa hautokani na uvivu wa mwalimu bali na bidii yake. Yaani ile bidii ya kutaka kazi ya watoto ionekane nzuri machoni pa watu wazima.

Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu nilifundisha darasa la nne kushona vishikio vya sufuria. Tukaarifiwa kwamba wakaguzi watafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliketi mbele ya taa ya chemli, nikazifumua kazi zote zilizokwenda upogo, nikazishona upya mpaka zikafanana kama zilizotoka dukani. Wakaguzi walifurahi. Walipokwisha kuondoka niliwagawia watoto kazi zao. Mvulana mmoja, ambaye tangu siku ya kwanza alisema kwamba kishikio chake ni cha bibi yake aliyemlea, alikigeuza upande huu na huu, kisha akakiweka juu ya meza yangu.

"Samahani, mwalimu," akasema, "hiki si changu."

Nikamwonyesha kikaratasi chenye jina lake nilichokishikiza kwa pini. Akalisoma, akaitikia kwa adabu, lakini hakukichukua. "Changu kilipinda hapa," akasema, huku akigusa pembe moja kwa kidole. Sikuwa na la kumjibu. Kishikio kile kilikaa katika kabati la ofisi mpaka mchwa walipokimaliza.

Mtoto yule alikuwa amelielewa somo kuliko mimi. Mtoto wa shule ya msingi hana fedha. Nyumbani hupewa chakula, hupewa nguo, hupewa daftari. Ni nadra sana yeye kupata nafasi ya kuwa mtoaji. Kitu kidogo alichokishona kwa mkono wake humpa nafasi hiyo, na ndiyo sababu huyavumilia machungu ya sindano. Mwalimu akikifumua na kukishona upya, amempokonya mtoto zawadi yake, hata kama kitu chenyewe kimetoka kizuri zaidi.

Wazo hili si geni katika historia ya elimu. Uno Cygnaeus, aliyeziingiza kazi za mikono katika shule za msingi za Finland mwaka 1866, na Otto Salomon wa Sweden, aliyewafundisha walimu katika chuo cha Nääs, walishikilia kwamba mtoto atengeneze kitu chenye manufaa nyumbani kwake, si pambo la maonyesho. Salomon alikaza zaidi: kazi iwe ya mtoto mwenyewe, na mwalimu asiiguse. Aonyeshe njia kwa kitambaa chake yeye.

Basi tukitazame kishikio chenyewe, maana ndicho ninachokipendekeza kwa mwanachuo anayeanza. Kila jiko lina sufuria, na kila mpishi amewahi kuungua vidole. Chukua doti moja ya kanga kuukuu. Ikiwa kila kanga ina upana wa meta 1 na urefu wa meta 1 na nusu, utapata kutoka kila moja mistari 5 ya miraba 7 yenye sentimita 20 kila upande. Yaani miraba 35, na ukanda wa sentimita 10 kwa meta 1 utabaki. Kwa hiyo doti moja hutosha watoto 35, kila mmoja mraba wa mbele na wa nyuma. Ukanda unaobaki, ukikatwa kila baada ya sentimita 5, hutoa vitanzi 20 vya kutundikia; na kwa kanga mbili ni vitanzi 40. Waacheni watoto wazifanye hesabu hizo wenyewe kabla ya mkasi kufunguliwa. Ni somo la eneo ambalo hawatalisahau, kwa sababu atakayekosea atakikosesha kitambaa darasa zima.

Katikati hutiwa kipande cha blanketi kuukuu la pamba chenye sentimita 16. Angalia sana jambo hili: siku hizi vitambaa vingi vina nailoni au poliesta, na hivyo huyeyuka kwa joto na kugandamana na ngozi. Mwalimu, wala si mtoto, akichome kiuzi kimoja kabla ya kazi kuanza. Pamba huungua ikawa majivu laini na kunuka kama karatasi. Kile kinachoyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisitumike.

Kipindi cha kwanza ni cha kupima, kukata na kukunja kingo ndani kwa sentimita 1 na nusu. Cha pili ni cha kupiga bandi ili matabaka yashikane, kisha kushona mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ili blanketi lisijikusanye upande mmoja. Cha tatu ni cha kukunga kingo na kutia kitanzi. Kazi inayozidi vipindi vitatu huwachosha watoto wa umri huo, na kitambaa huwa kimechafuka kabla hakijaisha.

Katika darasa kubwa hakuna atakayeuona mshono wa mwalimu juu ya kitambaa kidogo. Tundika gunia ubaoni, tumia shazia na kamba ya katani, na piga bandi ndefu kama kiganja ili wa nyuma naye aone. Watoto watumiao mkono wa kushoto waketi wakikukabili, wakufuate kama mtu ajitazamaye katika kioo. Watafaulu bila kulazimishwa kubadili mkono. Sindano zichomekwe kumi kumi katika kitambaa chekundu, zihesabiwe zitokapo na zirudipo, na mtoto yeyote asitoke mpaka hesabu itimie.

Watakuwapo watakaosema kwamba kushona ni kazi ya wasichana, na wavulana wapewe jembe. Hoja hii hainisumbui sana. Mafundi wengi wenye cherehani katika baraza za miji yetu ni wanaume, na mvuvi anayeziba nyavu zake ufukweni hamwiti mkewe amshikie sindano.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Wapo walimu wanaosema kwamba kazi za watoto ziuzwe ili shule ipate fedha, nao huutaja waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967. Sikatai kuuza. Lakini Mwalimu Nyerere katika waraka ule alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi na katika kuamua mapato yatumiweje. Darasa likikubaliana kushona vishikio 30 vya kuuza ili kununua mpira, ni vyema. Vishonwe baada ya kila mtoto kupata cha kupeleka kwao. Kile cha kwanza kisiuzwe.

Wala usiwaagize watoto "mlete vitambaa vipya". Nimeona agizo hilo likimfanya mzazi akope, na nimeona pia mzazi mwenye uwezo akinunua kitu kilichokwisha kushonwa, mtoto akakileta na kupewa alama za juu. Tembelea fundi cherehani jirani na shule. Vipande anavyovifagia jioni vitakutosha muhula mzima.

Mwanachuo ataniuliza: nitatoa alama vipi, ikiwa kazi imekwisha kwenda nyumbani? Toa alama wakati kazi inafanyika, ukipita kati ya madawati: je, kingo zimekunjwa sawasawa, je, bandi zinashika. Ukiona kosa, mwonyeshe mtoto. Akitaka kufumua, afumue yeye. Asipotaka, kiende na upogo wake. Wiki inayofuata waulize vishikio viko wapi. Mmoja atasema mama anakitumia kila siku, mwingine kwamba kimeungua upande mmoja, na wa tatu kwamba mdogo wake amekichukua kumlazia mwanasesere. Majibu hayo yaandike chini ya andalio la somo lako, pale penye nafasi ya maoni ya mwalimu.