Acheni kununua jina "i7"

Wasee mnaotaka kurusha ndege kwa kompyuta, niskizeni. "i7" si cheo. i7-2600 ni ya 2011. Microsoft Flight Simulator ya 2020 inataka angalau i5-4460, ya 2014. Yaani i5 changa inaweza kushinda i7 mzee, na wauzaji wengi hawatakuambia.

Huu mchezo unabebesha kori moja mzigo mkubwa. Hiyo moja ikiwa mvivu, kori 16 hazikuokoi. Angalia spidi ya kila kori na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 7 5800X3D ina kori 8 tu, lakini kashe yake ya L3 ni MB 96. Ndiyo maana watu wa ndege wanaipenda.

Lakini mimi nasema anza na madabodi. Prosesa utabadilisha, soketi haibadiliki. Aliyenunua B450 mwaka wa 2018 na prosesa ya bei rahisi, 2022 aliweka BIOS mpya, akachomeka 5800X3D palepale. Mwenye ile i7 ya 2011? Soketi yake imefika mwisho, anaanza upya.

Huku Kianjokoma doh ya mashine inatoka kwa majani chai, na bonasi haiji kila mwezi. Niliacha chuo lakini hii hesabu ni rahisi: matha akikusaidia na bonasi yake, hiyo doh isikufungie njia. Madabodi poa leo, prosesa ndogo, ukipata utapanda. Anayebisha alete hesabu yake.