Mantle Mbele ya Wagner

Wakusanyaji wa kadi za besiboli nchini Marekani humtaja kwanza Honus Wagner, ambaye kadi yake, iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara kuanzia 1909, ni adimu mno. Lakini uadimu pekee hautoshi.

Inayostahili nafasi ya kwanza ni kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotolewa na Topps, kampuni ya chingamu. Kweli, kampuni nyingine, Bowman, walishamtolea kadi mwaka mmoja kabla. Ila Topps walikuja na kadi kubwa, ya rangi, yenye nembo ya timu, saini na takwimu za mchezaji kwa nyuma, mpangilio unaofuatwa hadi leo. Masanduku ya kadi yaliyokosa wanunuzi, kwa simulizi ya Sy Berger aliyezibuni kadi hizo, yalitoswa baharini.

Agosti 2022, kadi moja ya Mantle iliyotunzwa vizuri iliuzwa kwa dola milioni 12.6, huku ya Wagner mwezi huohuo ikifika milioni 7.25.