"Give up": Kuacha Siko Kukata Tamaa



Wazazi wengi wa Njombe na Makambako wana watoto wa kidato cha kwanza. Kwa miaka 7 ya shule ya msingi ya serikali mtoto amesoma kwa Kiswahili; sasa masomo karibu yote yanamjia kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachomkwaza si maneno marefu, kwani hayo yamo katika kamusi, bali maneno mawili mafupi yaliyofungwa pamoja. Tuchukue mfano mmoja: give up.

Mtoto anajua kuwa give ni kutoa na up ni juu. Akiyaunganisha anapata "kutoa juu", jambo lisilo na maana. Kumbe maana zake ni hizi:

Kwanza, kuacha mazoea. He gave up smoking: ameacha kuvuta sigara. Zingatieni kwamba kitenzi kinachofuata huishia na -ing.

Pili, kukata tamaa. The sum was hard and she gave up: hesabu ilikuwa ngumu, akakata tamaa.

Tatu, kumwachia mwingine. He gave up his seat: kijana katika basi la Makambako amempisha mzee kiti.

Nne, kujisalimisha. The thief gave himself up: mwizi amejisalimisha.

Jambo hili si geni kwa watoto wa madrasa. Katika Kiarabu, raghiba fii ni kukipenda kitu, na raghiba an ni kukipa mgongo. Kitenzi ni kilekile. Herufi inayofuata ndiyo iliyogeuza maana. Kiswahili nacho hugeuza mwisho wa kitenzi: mama humwachisha mtoto ziwa, wanandoa huachana, mzee huachiwa kiti.

Basi mzazi asiyejua Kiingereza asijiweke kando. Baada ya Ishaa, familia ikiwa imezunguka jiko kwa baridi yetu hii, mwambie mwanao akusomee sentensi nzima, kisha akueleze kwa Kiswahili kilichotendeka. Maelezo yasipoeleweka kwako, huenda yeye naye hajaelewa, arudie. Na katika daftari aandike sentensi kamili, si neno pekee.

Tuwahimize vijana wetu waache uvivu, wala wasikate tamaa. Kiingereza kimeyaweka yote mawili katika kitenzi kimoja, sisi tusiyachanganye.

Wabillahi tawfiq.