Jina la Kenya mtandaoni ni amana, si shamba la mtu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, lakini sikuonja uchungu wake hadi siku mimi na wenzangu wachache tulipopoteza jina. Tulikuwa tumeanzisha tovuti ndogo ya istilahi za Kiswahili kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za upili. Tulimlipa wakala mmoja atusajilie jina linaloishia kwa .ke, akatusajilia, nasi tukaendelea na kazi kwa miaka mitatu. Tulipotaka kuhamia kwa mtoa huduma mwingine ndipo tulipogundua kuwa katika daftari la usajili mwenye jina lile hatukuwa sisi. Alikuwa ni yeye wakala. Stakabadhi tulikuwa nazo. Jina hatukuwa nalo. Ikatulazimu kuanza upya kwa jina jingine, na walimu waliokuwa wamenakili anwani ya zamani katika maandalio yao ya masomo wakabaki wakibisha mlango usiofunguliwa.

Simtaji wakala huyo, maana kisa chetu si cha pekee. Nakieleza ili nimuulize msomaji swali ambalo aghalabu hatuliulizi: jina la Kenya mtandaoni ni mali ya nani, na ni nani anayelishika daftari lake?

Kila tarakilishi iliyounganishwa na intaneti hutambuliwa kwa nambari. Binadamu ni mzito wa kukumbuka nambari na mwepesi wa kukumbuka majina, na ndiyo sababu mwaka 1983 ulibuniwa mfumo wa kuyageuza majina kuwa nambari. Mfumo huo ni kama mti uliopinduliwa, mzizi juu na matawi chini. Karibu na mzizi pana viishio kama .com na .org, pamoja na viishio vya herufi mbili vya nchi: .ke yetu, .tz ya Tanzania, .ug ya Uganda. Herufi hizo mbili hazikuchaguliwa na wahandisi wa intaneti. Zilitwaliwa kutoka orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, ili wahandisi wasijiingize katika mabishano ya kisiasa kuhusu ipi ni nchi na ipi si nchi.

Mmarekani Jon Postel, aliyesimamia mzizi huo katika miaka ya mwanzo, alieleza msimamo wake katika waraka wa Machi 1994. Alisema kuwa anayekabidhiwa herufi za nchi ni mdhamini wa watu wa nchi hiyo na wa jumuiya nzima ya intaneti. Asizungumze juu ya haki na umiliki, bali juu ya wajibu na huduma. Naona kuwa hayo ndiyo maneno ya busara zaidi kupata kuandikwa kuhusu jambo hili, na ndiyo yanayosahauliwa upesi zaidi.

Kiswahili kimelipatia eneo la majina kama hili neno zuri: kikoa. Vijana wengi hudhani neno hilo lilizuliwa juzi kwa ajili ya tarakilishi. La hasha. Katika Kiswahili cha wazee wetu, kula kikoa ni kula kwa ushirika na kwa zamu: leo majirani hukutana kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa mwingine. Kikoa hakina mwenyewe. Kina mwenye zamu, naye hupimwa kwa namna alivyowapakulia wenzake. Sijui kama aliyelichagua neno hili alikuwa na maana hiyo akilini, lakini hangeweza kuchagua bora zaidi.

Tazama basi historia ya kikoa chetu. Herufi za .ke zilikabidhiwa Aprili 1993 chini ya watu wawili: Dkt Shem Ochuodho, mtaalamu wa tarakilishi ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, na mhandisi Mmarekani Randy Bush. Wakati huo watumiaji wa intaneti nchini walikuwa wachache mno, na kazi hiyo ilikuwa ya wapenzi wa fani. Tusiwabeze, bila wao tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini kadiri biashara, vyuo na idara za serikali zilivyoingia mtandaoni, ilidhihirika kuwa haifai jina la taifa zima liwe mikononi mwa watu wawili, hata wangekuwa waadilifu namna gani.

Mwaka 2002 wadau walikaa pamoja, wakiwemo mdhibiti wa mawasiliano, watoa huduma za intaneti na wawakilishi wa elimu ya juu. Matokeo yake yakawa ni KENIC, shirika lisilogawa faida. Shirika la kimataifa linalosimamia mzizi, ICANN, liliridhia makabidhiano hayo, na KENIC ikaanza kazi ya kulitunza daftari. Kisha marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika 2009 yakaweka usimamizi wa majina ya .ke chini ya leseni. Leo majina hayo yamepita laki moja. Mwananchi hayanunui kwa KENIC moja kwa moja bali kwa mawakala waliosajiliwa, na tangu 2017 anaweza kupata jina linaloishia kwa .ke pekee, bila kupitia matawi ya co.ke au or.ke.

Hatua hiyo ya 2002 ilikuwa ya kupongezwa. Mwaka huohuo wenzetu wa Afrika Kusini walipita njia yenye miiba. Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuipa serikali usemi juu ya .za, msimamizi wa siku nyingi, Mike Lawrie, alihofia kuwa wanasiasa wangeliharibu daftari, akaihifadhi nakala yake kuu nje ya nchi. Fikiri hilo, msomaji: anwani za benki, vyuo na wizara za nchi nzima zikitegemea faili moja ambayo raia mmoja ameificha ng'ambo kwa nia njema. Hatimaye mamlaka ya kisheria iliundwa na makabidhiano yakafanyika kwa amani. Hata hivyo, taifa halipaswi kuishi kwa nia njema ya mtu mmoja, wala kwa hisani ya waziri mmoja.

Wala tusidhani kuwa kuunda shirika kunatosha. Uingereza ilikabidhi .uk kwa Nominet, shirika la wanachama lililoanzishwa 1996, lenye majina zaidi ya milioni kumi. Miaka ilipopita wanachama walianza kulalamika kuwa ada zinapanda, mishahara ya wakuu inanona, na fedha za manufaa ya umma zinapungua. Tarehe 22 Machi 2021 walikutana na kupiga kura, na wakurugenzi watano, mwenyekiti akiwemo, wakaondolewa. Walifaulu kwa kuwa kanuni za shirika ziliwapa kura. Je, mwalimu wa Kitui au mwuza mitumba wa Gikomba mwenye jina lake la .ke ana kura gani?

Karibu nasi zaidi kuna somo la AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa nambari za intaneti barani Afrika. Mzozo na kampuni moja kuhusu nambari uliingia mahakamani. Tangu 2022 shirika hilo likakosa bodi inayoweza kufanya maamuzi, na 2023 mahakama ikaliteulia msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba 2025 tu. Kwa muda wote huo bara lenye watu zaidi ya bilioni moja lilikuwa na ghala la nambari lisilokuwa na mwenye funguo aliyekubalika na wote. Chombo kisichokuwa na kanuni madhubuti za kurithishana uongozi hutekwa na yeyote mwenye mawakili wengi.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kuelewa haya, kwani tuna ardhi. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogeuka kuwa mali ya watu binafsi. Kazi hiyo haikufanywa kwa mapanga. Ilifanywa kwa kalamu, ndani ya ofisi, katika daftari. Jina la mtandaoni nalo ni kiwanja cha aina yake. Anayeweza kuandika mstari katika daftari anaweza kukupa. Anayeweza kuufuta anaweza kukunyamazisha. Mstari mmoja ukifutwa, gazeti halisomeki, shule haipatikani, na mkulima aliyeuza maparachichi yake kwa anwani hiyo hupoteza wateja asijue sababu.

Kuna watakaosema serikali ilichukue daftari lote. Kuna watakaosema liachiwe soko. Siafikiani na kundi lolote kati ya haya mawili. Serikali ina haki ya kuwa mezani, maana .ke ni jina la nchi. Lakini kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, na uhuru huo una mashaka pale anayekosolewa ndiye mwenye kifutio. Soko nalo hujua bei, halijui amana. Wakala aliyeliandika jina letu kwa jina lake hakuwa afisa wa serikali. Alikuwa mfanyabiashara tu.

Mimi ni mwalimu wa isimu, kwa hiyo msomaji atanistahimilia nikigusia lugha. Matawi ya .ke yote yamepachikwa vifupisho vya Kiingereza: co ya kampuni, ac ya vyuo, sc ya shule, go ya serikali. Tawi la watu binafsi limeitwa me.ke, kwa kuwa Kiingereza husema "me" pale sisi tunaposema "mimi". Waliolibuni hawakukumbuka kuwa katika Kiswahili "me" na "ke" ni jinsia mbili, ya kiume na ya kike! Wanafunzi wangu hucheka, nami hucheka nao. Lakini kicheko kikiisha hubaki jambo zito. Jirani zetu wa Tanzania humwelekeza raia kwenye ikulu.go.tz, sisi humwelekeza kwenye president.go.ke. Masharti ya usajili niliyowahi kutia saini yalikuwa kwa Kiingereza cha mawakili, na kifungu kilichotupokonya jina letu kilikuwa humo, nasi wasomi hatukukitambua. Sembuse yule aliyeachia darasa la nane? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkataba wa kumiliki jina la taifa usiposomeka kwa lugha ya taifa, amana hiyo imekwisha kupotoka.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, jina liandikwe kwa jina la anayelitumia, na mwenye daftari amwarifu yeye moja kwa moja kila linaposajiliwa, linapohamishwa au linapokaribia kuisha muda; wakala anayejiandika mwenyewe apokonywe kibali. Pili, watumiaji wa kawaida wawe na viti vya bodi wanavyovijaza kwa kura, kwa vipindi vyenye kikomo, na hesabu na mishahara ichapishwe kila mwaka. Tatu, jina lisifutwe ila kwa amri ya mahakama. Na pale ulaghai unapohitaji hatua ya haraka, jina lisimamishwe kwa siku chache tu, sababu ziandikwe na mwenyewe apewe nafasi ya kukata rufani. Nne, masharti, fomu na maamuzi ya migogoro yote yapatikane kwa Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ya nne vyuo vyetu vinaweza kuisaidia, nami nitakuwa wa kwanza kujitolea.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mitambo mipya. Yanahitaji nia, pamoja na wananchi wanaojua cha kuulizia. Wewe uliye na jina la .ke, la duka, la kanisa, la msikiti au la chama cha akiba, litafute leo katika daftari uone limeandikwa kwa jina la nani. Sisi tulichelewa miaka mitatu.

Wazee waliokula kikoa hawakuwa na bodi wala leseni, lakini walijua sharti moja: kikoa huvunjika siku mwenye zamu anapokifungia chungu chumbani mwake.