Maestra Hakupunjwa na Herufi

Safu ya Lugha na Watu
Na Mwanaidi Shamte

Anayejifunza Kihispania hakai sana kabla ya kukutana na mwalimu, na humkuta amegawanyika: maestro ni mwanamume, maestra ni mwanamke. Hao ni wa shule ya msingi. Huko juu, sekondari na chuo kikuu, yupo profesor na yupo profesora. Wanafunzi wao hukata maneno wakasema profe tu, ukajua jinsia kwa el au la iliyotangulia. Sisi tuliozoea mwalimu mmoja kwa wote tunaona huo ni usumbufu.

Usumbufu huo umezua ugomvi mkubwa. Wapo wanaodai kwamba kuwaita walimu wote los profesores, kwa wingi wa kiume, ni kuwafuta wanawake. Akademia ya Kifalme ya Hispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, inashikilia kwamba wingi huo unawatosha wote. Mwaka 2022 serikali ya jiji la Buenos Aires iliwakataza walimu kufundishia vile viishio vipya vya e na x visivyo vya kike wala vya kiume.

Kwa maoni yangu, pande zote zimeikamia herufi kupita kiasi. Itazame Sheria ya Moyano ya mwaka 1857, iliyopanga elimu ya Hispania nzima. Kifungu cha 194 kiliagiza maestra alipwe theluthi moja pungufu ya maestro. Katika shule za wasichana baadhi ya masomo yaliondolewa, yakaingizwa kazi za mikono za kike na maarifa kidogo ya usafi wa nyumbani. Walioiandika walikuwa wanaume, na aliyetia sahihi ni malkia, Isabel wa Pili.

Maana ya cheo huja na kiti. Zamani alcaldesa alikuwa mke wa meya. Leo ni meya mwenyewe. Presidenta limo katika kamusi ya Akademia tangu 1803, lakini Cristina Fernández alipoingia madarakani Argentina mwaka 2007 bado wapo waliong'ang'ania kumwita presidente, naye akawasahihisha. Tangu Oktoba 2024 Mexico inaye presidenta, Claudia Sheinbaum, aliyechaguliwa kwa kura. Wanaume nao, msiwasahau: mshonaji ni modista, awe wa kike au wa kiume, lakini mafundi wa kiume wakajitengenezea modisto, na kamusi ikawapokea.

Kwa hiyo mwanamke anayetaka kuitwa jueza (jaji) au médica (daktari) aitwe hivyo, bila mjadala. Ila wanaharakati wasiridhike na kiishio wakasahau karatasi ya mshahara. Hispania ilisawazisha malipo ya walimu wa kike na wa kiume kwa sheria ya mwaka 1883, na maestra akabaki na a yake ileile.