Tovuti Yetu: Tuanze na Maneno

Wanachama wenzangu,

Fundi ametuletea michoro mitatu ya tovuti ya chama, naye ataka tuchague mmoja. Wengi wameupenda ule wenye picha kubwa za pwani. Mimi sikubaliani nao. Mchanga mweupe haumfunzi mtu habari za karafuu, na picha nzito hula fedha ya simu ya mkulima aliyeko shamba.

Yatupasa kwanza tujiulize: nani ataifungua, naye ataka kujua nini? Mkulima ataka bei ya msimu, madaraja ya karafuu na siku ya mkutano. Mgeni ataka kujua kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijafunuka, huchambuliwa makonyo, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Hayo twayajua sisi, si fundi.

Tena tumchague mtu wa kuandika na kubadilisha habari. Bei ya mwaka jana ikiachwa pale, mwanachama atadanganyika, na lawama itakuwa yetu sote.

Basi tuandike maneno kwanza, kisha tuchague mchoro utakaoyafaa. Kanzu hukatwa baada ya mtu kupimwa.